Mpaka Uelewe

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili ishirini na tano, majira ya kipupwe, Mamlaka ya Uratibu wa Minada ya Mifugo ilipotangaza kwamba tatizo la kuchelewa kwa mishahara ya watumishi wapya limekwisha. Mishahara ingeendelea kuchelewa kama kawaida. Kilichokwisha ni tatizo.

Tangazo hilo lilitolewa na Bw. Peterson Kiama, Kaimu Mkurugenzi wa tawi la Kitengela, akiwa amesimama juu ya mizani ya kupimia ng'ombe, kwa kuwa jukwaa lilikuwa bado linasubiri idhini kutoka makao makuu, Kajiado. Mizani ilionyesha kilo zake muda wote wa hotuba. Hakuna mtumishi aliyezisoma kwa sauti, na huo ndio ustaarabu ninaoupenda katika ofisi.

Alieleza kwamba utafiti ulikuwa umebaini jambo moja. Mtumishi mpya hateseki kwa kukosa mshahara. Anateseka kwa kutoelewa kwa nini ameukosa. Akielewa, hutulia. Kuharakisha mishahara kungewafaa watu wachache na kuwasumbua wahasibu wengi, kwa hiyo Mamlaka iliamua kuharakisha uelewa. Ndipo kikaundwa Kitengo cha Uelewa wa Mishahara Iliyochelewa, kwa ufupi KIUMI, chenye mwenyekiti, makamu, katibu, mihuri miwili na kiti kimoja cha mtahiniwa.

Mimi niliajiriwa humo kama Mhariri wa Lugha. Nilikuwa nimefundisha Kiswahili kwa miaka thelathini na minane, nikastaafu, nikawa nyumbani kwangu Kitengela nikifuga kuku. Jina langu ni Mwalimu Mugure. Vijana wa ofisini waliniita Shosho, yaani bibi. Niliwakanya mara moja, kisha nikawaacha, kwa sababu lilikuwa neno pekee ambalo hawakulikosea ngeli.

Ni haki nieleze kwanza kwa nini mshahara wa kwanza huchelewa, maana wasio watu wa ofisi hudhani ni uzembe. Mtumishi akianza kazi tarehe mosi, jina lake hupelekwa Kajiado. Kajiado huuliza kama kweli ameanza. Tawi hujibu kwamba ameanza. Kajiado huuliza kama bado yupo. Tawi humtafuta, humpata, hujibu kwamba yupo. Kufikia hapo ni tarehe kumi na moja, na orodha ya malipo hufungwa tarehe kumi. Hakuna mahali hata pamoja ambapo mtu amekosea.

Utaratibu wa KIUMI ulikuwa mwepesi. Kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi, mtumishi mpya aliketi mbele ya jopo. Mwenyekiti, ambaye ni Bw. Kiama, alimsomea Taarifa ya Kuchelewa. Kisha ilifuata dakika moja ya kutafakari, iliyopimwa na katibu wetu, Bi. Makena, kwa simu yake. Dakika ikiisha kimya, mtahiniwa ameelewa, na jina lake huenda Kajiado kwa malipo. Lakini Kanuni ya Saba ilisema hivi: swali lolote likiulizwa chumbani ndani ya dakika hiyo, na yeyote yule, mtahiniwa hajaelewa, na atarudi mwezi ujao.

Kwa miezi miwili hakuna aliyeelewa.

Obonyo, bawabu wa lango la mnada, alikaa kimya dakika nzima kama jiwe la kusagia. Makamu Mwenyekiti, mzee ambaye kwa kawaida husinzia, alifungua jicho moja akasema kwamba uso wa mtahiniwa umeuliza. Jopo liliutazama uso wa Obonyo, likakubaliana naye. Obonyo akarudishwa hadi Julai, na akashauriwa aje na uso mwingine.

Naserian, karani wa kuandika namba za mifugo, alishindwa mwezi wa Juni kwa kuuliza, "Kwani nitalipwa lini?" Mwezi wa Julai alijizuia. Zilibaki sekunde kumi. Obonyo, aliyekuwa mlangoni akilinda usiri wa mtihani na akisubiri zamu yake, akashindwa kuvumilia.

"Mkubwa, na sisi wengine je?"

Swali lilikuwa limeulizwa chumbani. Naserian hakuwa ameelewa.

Siku hiyo, baada ya jopo kuondoka, nilimkuta ameketi kwenye benchi nyuma ya ofisi, kikombe cha chai kimepoa mkononi.

"Sopa, Shosho."

"Epa," niliijibu salamu yake ya Kimaasai. "Mbona hunywi?"

"Shosho, niko na shida."

"Una shida."

"Ndiyo. Niko nayo."

Nikaketi. Kuna wanafunzi ambao husahihishwa baadaye.

Alinieleza kwamba mwezi wa Juni mwenye ploti alitaka kuifunga kwa kufuli nyumba aliyopanga, akaenda kwa Bw. Kiama kuomba msaada. Bw. Kiama ni mtu mwenye huruma. Kwa watumishi ambao hawajaelewa, alikuwa ameanzisha, kwa fedha zake mwenyewe, Mkopo wa Subira. Mtumishi hupewa fedha leo, huacha mnyama nyumbani kwa Bw. Kiama, na hulirudisha deni lake kabla ya siku iliyoandikwa. Hakutoza riba, kwa kuwa ni mzee wa kanisa. Siku ikipita, mnyama huwa wa Bw. Kiama, naye humpeleka kwenye bucha ya ndugu yake.

"Kwa hivyo nikapeleka Sidai," alisema Naserian.

"Sidai ni nani?"

"Mtamba wangu. Baba alinipatia nikimaliza koleji. Kwetu Kimuka msichana hakuwa amewahi kupewa mtamba kwa sababu ya kusoma. Wazee waliongea mpaka wakachoka, lakini baba yangu, Lesiamon, akisema amesema. Sasa ako nyuma ya nyumba ya mdosi Kiama, amefungwa kwa tangi, anakula maganda ya viazi."

"Siku iliyoandikwa ni lini?"

"Ijumaa ya mwisho ya Agosti. Saa kumi na moja jioni."

Nilihesabu kimoyomoyo. Mtihani uliofuata ulikuwa Alhamisi, mkesha wa siku hiyo. Hata kama angeelewa barabara, jina lake lingefika Kajiado Jumatatu, na Sidai angekuwa amening'inia kwenye kulabu tangu Jumamosi.

"Baba yako anajua?"

"Hajui. Akijua hataniambia kitu. Atanyamaza tu." Alikizungusha kile kikombe. "Heri angeongea."

Sikumpa matumaini. Si kazi ya Mhariri wa Lugha.

Mimi mwenyewe, nikiwa mtumishi mpya, nilikuwa nimeketi katika kile kiti siku hiyohiyo. Bw. Kiama alinisomea Taarifa. Naikumbuka neno kwa neno, kama mtu anavyokumbuka maumivu ya jino.

"Mshahara yako haitalipwa mpaka uelewe."

Dakika ikaanza. Nilijitahidi. Katika sekunde ya ishirini nikasema, "Mshahara wako. Hautalipwa."

Jopo lilitoka nje kushauriana kama sahihisho ni swali. Walirudi na uamuzi kwamba ni swali lililojijibu, jambo ambalo ni kosa kubwa zaidi. Nikarudishwa. Lakini Bw. Kiama hakupata usingizi. Angethibitishwa katika cheo chake kesho yake, tarehe mosi Agosti, baada ya miaka minne ya kukaimu, na makao makuu yalikuwa yameonya kwamba nyaraka zenye Kiswahili kibovu zitarudishwa zilikotoka, pamoja na waandishi wake. Asubuhi akaniita.

"Mwalimu, kumbe Taarifa iko na makosa? Na nimesomea watu miezi mbili."

"Miezi miwili."

"Hiyo pia. Sasa nataka tuitoe kama waraka rasmi. Waraka safi, ambayo mtu hawezi kuipinga."

"Ambao mtu hawezi kuupinga."

"Sawa, hata huo andika."

Niliandika Waraka Namba Tatu. Nataka ieleweke kwamba nilibadilisha herufi mbili tu. Yako ikawa wako, kwa kuwa mshahara uko katika ngeli ya U-I. Haitalipwa ikawa hautalipwa, kwa sababu hiyohiyo. Neno la mwisho sikuligusa, kwa kuwa halikuwa na kosa. Sentensi ikasomeka: Mshahara wako hautalipwa mpaka uelewe. Chini yake niliongeza kipengele kimoja cha ufafanuzi, kwa ajili ya usafi wa lugha: kila kiambishi katika Waraka huu kitarejelea nomino iliyoanzisha sentensi.

"Hii ya mwisho inamaanisha nini?" aliuliza Bw. Kiama.

"Inahusu upatanisho, Mkurugenzi."

"Upatanisho ni kitu mzuri. Hata kanisani tunahubiri hiyo." Akapiga mihuri yote miwili.

Mchana wa siku hiyo, tarehe mosi Agosti, alithibitishwa. Keki ilikatwa. Watumishi wapya walisimama mbali kidogo na meza, kwa kuwa bajeti ya keki haikuwa imewafikia.

Wiki mbili baadaye, simu ya ofisi ililia kutoka Kajiado. Alikuwa Bw. Hillary Mbithi, mhasibu wa makao makuu, mtu ambaye katika miaka ishirini na sita ya utumishi hajawahi kuukiuka waraka wala kuufikiria.

"Mwalimu, nimeusoma huu Waraka Namba Tatu mara nne. Huyu wa kuelewa ni nani?"

"Sentensi imeanza na nomino gani, Bw. Mbithi?"

"Mshahara."

"Kiambishi u katika hautalipwa kinarejelea nini?"

"Mshahara."

"Na katika uelewe?"

Nilisikia kurasa zikigeuzwa, na nyuma yake mtu akiomba stepla.

"Nilidhani ni wewe," alisema. "Yaani, si wewe Mwalimu. Wewe mtumishi."

"Sarufi inaruhusu yote mawili. Kipengele cha ufafanuzi kinaruhusu moja."

"Hapo awali hatukuwa na shida hii."

"Hapo awali kulikuwa na kosa. Mshahara ulikuwa umepewa i, na wewe una u, kwa hiyo mlitofautiana. Sasa kosa limeondolewa."

"Kwa hivyo mshahara ndio unafaa kufanya mtihani."

"Mimi nahusika na lugha tu, Bw. Mbithi."

"Na mshahara ulio benki," alisema taratibu, kama mtu anayepanga safari, "hauwezi kuketi kitini."

Alhamisi ya tarehe ishirini na nane, Bw. Mbithi alishuka kutoka kwenye gari la Mamlaka akiwa na askari wawili na mkoba wa ngozi. Ndani yake mlikuwa na mishahara yote ya watumishi wapya wa tawi letu, tangu Juni, kila mmoja katika bahasha yake, umeandikwa jina. Alisaini kitabu cha wageni. Kwenye safu ya madhumuni ya ziara aliandika: kuleta watahiniwa.

Bw. Kiama alitoka ofisini akiwa na kitambaa cha chakula bado shingoni.

"Mbithi, hii ni upuzi."

"Ni Waraka Namba Tatu, Mkurugenzi."

"Si mimi ndio niliandika?"

"Ndiyo maana naufuata."

"Basi nimeifuta. Imeisha."

"Waraka hufutwa kwa waraka, baada ya notisi ya siku ishirini na moja. Hiyo ni Kanuni yako ya Pili." Bw. Mbithi alikuwa nayo mfukoni. "Nakala hii hapa."

"Sasa bahasha itaelewa aje, jameni?"

"Swali hilo limekuja kabla ya dakika kuanza, kwa hivyo halihesabiwi. Lakini nakuomba uangalie."

Bw. Kiama alikuwa bado ana maneno, lakini macho yake yaliingia mkobani, na chini ya bahasha zote akaiona moja iliyonona kuliko zingine, yenye jina lake. Kajiado walikuwa wamemwandika kama mtumishi aliyeanza cheo kipya tarehe mosi Agosti. Mshahara wake wa zamani ulikuwa umefungwa pamoja na ukaimu wake. Mpya ulikuwa humo, ukisubiri zamu. Alikitoa kile kitambaa shingoni, akaenda kuketi mahali pa mwenyekiti.

Wa kwanza kuitwa ulikuwa mshahara wa Naserian. Bi. Makena aliuweka kitini. Ukaanguka. Akauegemeza kwenye mgongo wa kiti, akauwekea kishikio cha karatasi ili ukae kwa heshima. Bw. Kiama aliusomea Taarifa kwa sauti ya mtu anayemeza dawa.

Dakika ikaanza.

Naserian alikuwa amesimama ukutani, mikono nyuma. Hakuutazama mshahara wake. Aliitazama saa ya ukutani, na nilijua kwamba hahesabu sekunde bali saa zilizobaki hadi kesho jioni. Obonyo, mlangoni, alikuwa amejiziba mdomo kwa kofia yake ya kazi, na kwa kuwa aliogopa kwamba uso nao utauliza, akaipandisha kofia hadi machoni.

Mshahara haukuuliza kitu.

"Dakika imeisha," alisema Bi. Makena.

Makamu Mwenyekiti aliamka, akainama mbele, akaikagua bahasha kwa makini upande huu na upande ule.

"Uso wake hauulizi," alisema. "Huyu amelelewa."

"Huu umelelewa," nilisema.

"Umeelewa," alisema Bw. Mbithi, akaandika. "Ulipwe."

"Haya, urudi sasa Kajiado ukaandikwe," alisema Bw. Kiama haraka.

"Mshahara ulioelewa hauna sababu ya kurudi Kajiado, Mkurugenzi. Utaenda kufanya nini huko?" Bw. Mbithi akamgeukia Naserian. "Weka sahihi hapa."

Aliweka sahihi. Ilisomeka hadi herufi ya mwisho.

Ukafuata mshahara wa Obonyo, ambao ulikaa kimya kuliko mwenyewe alivyowahi kukaa. Ukafuata wangu. Ulielewa mara moja, na sikuwa nimeutilia shaka. Kwa muda wa nusu saa, KIUMI ilitoa uelewa mwingi kuliko ilivyokuwa imetoa tangu kuasisiwa kwake, na Makamu Mwenyekiti akasema kwamba tatizo lilikuwa watu tangu mwanzo.

Ikabaki bahasha iliyonona. Bi. Makena aliiketisha. Haikuhitaji kuegemezwa. Bw. Kiama aliusomea mshahara wake Taarifa kwa upole ambao hakuna mtahiniwa mwingine aliyewahi kuusikia, hata akaongeza "tafadhali", neno ambalo halimo katika Waraka.

Dakika ikaanza. Sekunde kumi. Sekunde ishirini. Alikaa vizuri. Sekunde ya thelathini alikunja mikono. Sekunde ya arobaini aliitazama bahasha, akakunja uso kama mtu anayepima mbuzi kwa macho, akamwinamia Bw. Mbithi.

"Na ile nyongeza ya cheo," alinong'ona, "mliweka?"

Obonyo aliishusha kofia taratibu, macho yakatokea, kisha pua, kisha meno yote.

"Swali limeulizwa chumbani," alisema Bw. Mbithi.

"Sikuuliza. Nilikuwa naongea tu."

"Limeulizwa na yeyote yule. Kanuni ya Saba." Bw. Mbithi aliichukua bahasha kitini, akaipangusa, akairudisha mkobani. Kisha akaandika kwenye jedwali kwa mwandiko wa kupendeza: haujaelewa, urudi mwezi ujao. Niliisoma sentensi hiyo mara mbili. Upatanisho ulikuwa sahihi.

Ijumaa saa kumi na nusu jioni tulifika nyumbani kwa Bw. Kiama: Naserian, Obonyo na mimi. Obonyo alikuwa na kamba. Mimi nilikuwa na nakala ya makubaliano ya Mkopo wa Subira, endapo lugha yake ingehitaji ufafanuzi. Bw. Kiama alitoka kwa sandali, akasimama ndani ya lango lililofungwa. Nyuma yake, kando ya tangi, Sidai alisimama, mwekundu, mbavu zikihesabika, akaisikia sauti ya Naserian na kuinua kichwa.

"Nimekuja kurudisha deni, Mkurugenzi," alisema Naserian. "Siku bado."

Bw. Kiama aliutazama mkono wa Naserian wenye fedha. Mwezi mzima ulikuwa mbele yake, na katika mwezi huo hakukuwa na fedha nyingine yoyote iliyokuwa ikija upande wake.

"Sawa. Lakini kuna gharama. Hizo maganda amekula miezi mbili," alisema, "nani atalipa?"

Naserian aliuvuta mkono wa koti kuifunua saa yake, akaanza kuitazama.

Obonyo alivua kofia, akajiziba mdomo.

Bw. Kiama alimtazama Naserian, akamtazama Obonyo, kisha akanitazama mimi. Alifungua kinywa. Naserian aliitazama saa. Akakifunga. Upepo wa kipupwe ulipita na vumbi la barabara ya Namanga. Mkewe alichungulia dirishani, akaona watu wanne wamesimama kimya langoni, akalirudisha pazia. Ile dakika ilikwenda yote, hadi mwisho, na hakuna kilichoulizwa.

Akafungua lango. Obonyo aliingia na kamba, akatoka na Sidai. Naserian alimwekea Bw. Kiama fedha kiganjani, zote, kama zilivyoandikwa, akakifumba kiganja hicho.

Bw. Kiama hakuuliza neno. Nikamhesabu kuwa ameelewa.